Andika Mpango wa Shamba Kabla ya Kukopa

Siku ya soko ofisi yetu ya kilimo hujaa watu. Mmoja huja kuuliza habari za mbegu, mwingine ana ndama mgonjwa, mwingine ameleta bua la mahindi lililoliwa na viwavi. Lakini tangu nianze kazi ya ukarani katika ofisi hii, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote si la mbegu wala la viwavi. Ni hili: "Bwana Karani, nataka kukopa fedha ninunue ng'ombe wa gredi. Wenye fedha wanataka mpango wa biashara. Niandikie."

Mimi hujibu: "Mzee, karatasi nitakupa na kalamu nitakupa. Lakini mpango ni wako, na hesabu utaitoa wewe mwenyewe."

Wengine hucheka, wengine hukasirika kidogo. Wao huona mpango kuwa ni kama tikiti ya basi: ukishapanda na kufika uendako, tikiti haina kazi tena. Wakipata mkopo, mpango hukunjwa ukatiwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo, na hautazamwi tena mpaka siku barua ya kudai deni inapofika.

Ndugu mkulima wa skimu, nimeandika makala haya ili barua hiyo isikufikie. Anayekukopesha atasoma mpango wako mara moja tu. Wewe utakayelipa yakupasa uusome kila mwezi. Tena mpango usioonyesha fedha zitaingia mwezi gani na zitatoka mwezi gani ni nusu ya mpango, hata kama jumla yake ni nzuri namna gani.

NG'OMBE WA BABA YANGU

Jambo hili sikulijua kwa kusoma vitabu. Mwaka 2001, nilipokuwa darasa la tano, baba yangu alikopa fedha akanunua mtamba mwenye mimba, wa aina ya Friesian, mweusi na mweupe. Alipozaa alitoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wetu wote wa kienyeji wakiwekwa pamoja. Sisi watoto tulibeba maziwa mpaka barabarani kila alfajiri kabla ya kwenda shule.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Baba alilipa deni kila mwezi bila kuchelewa. Akanunua baiskeli. Akaezeka jiko la mama kwa mabati. Kisha maziwa yakaanza kupungua, kama yapunguavyo kwa kila ng'ombe. Mwezi wa kumi baada ya kuzaa, ng'ombe alikuwa na mimba nyingine ya miezi saba, ikabidi akaushwe ili apumzike. Ng'ombe alikauka, lakini deni halikukauka.

Mwezi wa kwanza baba alilipa deni kwa kuuza mahindi ya chakula. Mwezi wa pili hakuwa na kitu cha kuuza ila ng'ombe mwenyewe. Akamwuza akiwa amebakiza wiki tatu azae. Mnunuzi aliijua shida yetu, akatoa bei ya shida. Deni lilipokwisha kulipwa tukabaki na baiskeli na mabati.

Majirani walisema tumetupiwa jicho. Baba alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ng'ombe wa gredi ni wa matajiri. Miaka mingi baadaye, nikiwa katika chuo cha ualimu, niliambiwa nitayarishe somo la hesabu, nikamchukua ng'ombe wa baba kuwa mfano. Nikaandika miezi 12, nikajumlisha na kutoa. Na pale kwenye karatasi nikaliona shimo lililotumeza, liko mwezi wa 11 na wa 12, wazi kabisa. Ilikuwa ni hesabu ya darasa la tano, darasa lile lile nililokuwa nasoma siku ng'ombe alipouzwa. Ningaliweza kuifanya mimi mwenyewe kama mtu angaliniambia.

Sasa tuifanye pamoja.

HESABU YA MDOMO

Bei nitakazotumia hapa ni za mfano tu, ili hesabu ifuatike. Wewe utaweka bei za soko lako.

Tuseme mkulima mwenye ekari tano anataka mtamba mwenye mimba wa Sh 120,000. Anakopa fedha zote, na atalipa Sh 6,000 kila mwezi kwa miezi 24, yaani Sh 144,000 pamoja na riba. Akishatoa maziwa ya ndama na ya nyumbani, anatumaini kuuza lita 12 kwa siku, kila lita Sh 45.

Akiwa njiani kuja ofisini hufanya hesabu kwa mdomo: "Lita 12 mara shilingi 45 ni shilingi 540 kwa siku. Mara siku 30, ni shilingi 16,200 kwa mwezi. Nikitoa 6,000 za deni nabaki na 10,200. Kwa mwaka ni zaidi ya laki moja!"

Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha. Lakini ina makosa matatu ya ufugaji. Kwanza, ng'ombe hatoi maziwa sawasawa mwaka mzima. Pili, ng'ombe hula, huugua na hupandishwa, na hayo yote ni fedha. Tatu, ng'ombe anayetunzwa vizuri hukaushwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa tena.

HESABU YA KALAMU

Haya, chukua kalamu. Tuhesabu mwezi wa siku 30, tuanze siku ng'ombe alipozaa.

Fedha za maziwa:
Mwezi wa 1 hadi wa 3, lita 12 kwa siku: Sh 48,600.
Mwezi wa 4 hadi wa 7, lita 9 kwa siku: Sh 48,600.
Mwezi wa 8 hadi wa 10, lita 6 kwa siku: Sh 24,300.
Mwezi wa 11 na wa 12, amekaushwa: hakuna kitu.
Jumla ya mwaka: Sh 121,500.

Gharama za ng'ombe:
Unga wa ng'ombe wa dukani, kilo moja Sh 40. Kilo 4 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, kilo 3 miezi minne inayofuata, kilo 2 miezi mitano iliyobaki: Sh 40,800.
Chumvi ya madini, dawa ya kupe na daktari, Sh 1,000 kwa mwezi: Sh 12,000.
Mbolea na vibarua wa mabingobingo, Sh 500 kwa mwezi: Sh 6,000.
Sindano mbili za kupandisha, mwezi wa 2 na wa 3: Sh 3,000.
Jumla ya mwaka: Sh 61,800.

Toa gharama katika fedha za maziwa, utabaki na Sh 59,700. Lakini deni la mwaka ni Sh 72,000. Zimepungua Sh 12,300.

Tazama sasa jambo lenyewe. Yule mkulima alidhani atabaki na zaidi ya laki moja. Kalamu inasema atapungukiwa na elfu kumi na mbili na mia tatu. Na ukiendelea kuandika mwezi kwa mwezi, utaona kwamba hasara hii hujificha. Mwisho wa mwezi wa 3, baada ya kulipa kila kitu, mfukoni mna Sh 8,700. Mwisho wa mwezi wa 7 mna Sh 12,900. Mwenye shamba huona mambo yanakwenda vizuri. Mwezi wa 10 zimeshuka mpaka Sh 7,500. Mwezi wa 11 fedha zimekwisha, na anadaiwa Sh 2,400. Mwezi wa 12 shimo lina kina cha Sh 12,300. Hapo ndipo ng'ombe wa baba yangu alipouzwa.

Usiseme basi kwamba ng'ombe hana faida. Ng'ombe wa Sh 120,000 anayebakiza Sh 59,700 kwa mwaka, bila kuhesabu ndama wala samadi, ni ng'ombe mwema. Ubaya uko katika namna deni lilivyopangwa. Na ubaya huo hutengenezwa kabla ya kutia sahihi, maana baada ya hapo umechelewa.

NJIA ZA KUTENGENEZA

Mkulima mwenye karatasi hii mkononi anaweza kuchagua njia.

Njia ya kwanza ni kuomba muda mrefu zaidi. Tuseme anapewa miezi 36 ya Sh 4,500. Kwa mwaka atalipa Sh 54,000, naye atabaki na Sh 5,700. Lakini mpaka deni liishe atakuwa amelipa Sh 162,000, yaani Sh 18,000 zaidi ya zile za miezi 24. Muda nao hununuliwa.

Njia ya pili ni kungoja mavuno, atoe Sh 40,000 za mahindi yake mwenyewe, akope Sh 80,000 tu. Tuseme atalipa Sh 4,000 kwa miezi 24. Deni la mwaka ni Sh 48,000, na atabaki na Sh 11,700. Mimi huipenda njia hii, kwa sababu hata riba ni ndogo: Sh 16,000 badala ya Sh 24,000.

Njia ya tatu ni kupanga miezi. Katika kaunti za mahindi kama Trans Nzoia tunapanda mwezi Machi na Aprili, na kuvuna kuanzia Oktoba. Ng'ombe akizaa Januari, atakaushwa Novemba na Desemba, wakati kuna mahindi ya kuuza ili kulipa deni. Lakini kumbuka kwamba Januari ni kiangazi. Yafaa majani yakatwe na kukaushwa mapema, au yashindiliwe shimoni yawe sileji, la sivyo hutaziona zile lita 12.

Hata katika njia ya pili kuna mtego, nao nataka uutazame vizuri. Mwisho wa mwezi wa 10 mkulima huyu atakuwa na Sh 27,500 za ng'ombe. Ni fedha nyingi, na jirani anauza pikipiki kuukuu. Lakini karatasi inamwambia kwamba Sh 15,800 katika hizo si zake. Ni za mwezi wa 11 na wa 12, ambapo hakuna maziwa, lakini kuna unga wa kununua na deni la kulipa. Mtu asiye na karatasi ataiona ile 27,500 yote kuwa faida.

MAMBO SITA YA KUANDIKA

Mpango wa shamba hauhitaji maneno makubwa. Kurasa mbili za daftari la shule zatosha, ukiandika mambo haya sita.

1. Nilicho nacho. Andika ekari zako na kila ekari ina nini, mifugo, vyombo, maji, na mikono ya kufanya kazi. Andika pia madeni uliyo nayo tayari, hata lile dogo la dukani na ule mkopo wa haraka wa simu. Deni lisiloandikwa hulipwa kwanza, kwa sababu mwenyewe huja mlangoni.

2. Ninachotaka kufanya. Sema kwa sentensi moja au mbili. "Nataka kufuga ng'ombe mmoja wa gredi zizini na kuuza maziwa kwa chama." Ukishindwa kusema kwa sentensi mbili, bado hujajua unalotaka.

3. Nani atanunua. Usiandike "soko lipo". Andika ni nani, anapokea wapi, kwa bei gani, na hulipa lini. Wanunuzi wengi wa maziwa hulipa mwezi ukiisha, na wengine huchelewa zaidi. Maana yake, mwezi wa kwanza utanunua unga kwa fedha nyingine. Katika mfano wetu unga wa mwezi wa kwanza peke yake ni Sh 4,800. Fedha hizo ziwe tayari kabla ng'ombe hajaingia zizini.

4. Gharama. Tenga za kuanzia, kama vile banda, hori, debe la maziwa na usafiri wa ng'ombe, na zile za kila mwezi. Hesabu kibarua, na hesabu pia kazi ya watu wa nyumbani, maana mtoto akibaki nyumbani kuchunga, karo uliyolipa ni hasara.

5. Kalenda ya fedha. Piga mistari, upate miezi 12. Kila mwezi andika fedha zitakazoingia, zitakazotoka, na zitakazobaki ukijumlisha na masalio ya mwezi uliopita. Weka karo kila muhula unapofunguliwa. Weka mbegu na mbolea za Machi. Kama masalio ya mwezi wowote yanaanguka chini ya sifuri, usitie sahihi mpaka umelitengeneza jambo hilo.

6. Hatari. Andika mambo matatu yanayoweza kuharibika, na mbele ya kila jambo andika utafanya nini.

Kazi hii usiifanye peke yako usiku kwa taa. Ifanye mchana pamoja na mama watoto. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayekamua, naye ndiye ajuaye kweli ni lita ngapi zinazotoka na ni ngapi zinazonyweka nyumbani. Nimeona mabwana wakiandika lita 15 ofisini, na bibi zao wakiinamisha kichwa.

JARIBU MPANGO KWA MWAKA MBAYA

Fundi akimaliza kiti hukikalia kwanza yeye. Nawe ukimaliza mpango, ujaribu.

Katika mfano wetu, ng'ombe anauza lita 2,700 kwa mwaka. Tuseme bei ya maziwa inashuka kutoka Sh 45 mpaka Sh 40. Hizo ni shilingi tano tu, mtu huziona si kitu. Lakini lita 2,700 mara shilingi tano ni Sh 13,500. Mkulima aliyechagua njia ya pili alikuwa abaki na Sh 11,700. Sasa amepungukiwa na Sh 1,800. Shilingi tano zimemeza faida yote ya mwaka.

Akilijua hilo mapema anaweza kujitayarisha. Gharama yake kubwa ni unga wa dukani. Katika utafiti uliofanywa Embu katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba kilo 3 za majani mabichi ya mti wa kaliandra hufanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya unga wa ng'ombe. Miti 500 hivi, iliyopandwa mipakani na kwenye makinga ya udongo, yaweza kumlisha ng'ombe mmoja majani hayo mwaka mzima. Akipunguza kilo moja ya unga kwa siku, ataokoa Sh 1,200 kwa mwezi. Lakini mti hauliwi siku unapopandwa. Huchukua mwaka mmoja hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo yampasa kupanda kabla ya kununua ng'ombe. Hiyo nayo ni kazi ya mpango, kukuonyesha jambo la kuanza leo kwa ajili ya mwaka ujao.

Jaribu pia magonjwa. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, humwua ng'ombe wa gredi kwa muda mfupi. Muulize daktari wa mifugo habari za chanjo na za kuogesha, uandike gharama yake. Kama unategemea mahindi kulipa deni, kumbuka kwamba ugonjwa ule unaokausha mahindi yakiwa mabichi ulitambuliwa kwanza hapa Kenya mwaka 2011 huko Bomet, na viwavijeshi wa aina mpya wakaingia mwaka 2017. Mambo yasiyokuwapo jana yaweza kuwapo kesho. Basi usiandike kwamba kila ekari itatoa magunia yale ya mwaka wako bora. Andika ya mwaka wa kawaida, kisha ujaribu kwa nusu yake.

FUNGUA DAFTARI KILA MWISHO WA MWEZI

Sasa nafikia jambo ambalo wengi hulisahau. Umeandika, umejaribu, umepata mkopo, ng'ombe yuko zizini. Usifunge daftari. Kazi yake ndiyo inaanza.

Piga mistari mitatu. Juu ya wa kwanza andika "Nilivyokusudia", juu ya wa pili "Ilivyokuwa", juu ya wa tatu "Tofauti". Kila mwisho wa mwezi, kaa na mwenzako robo saa, jazeni. Stakabadhi za maziwa zitiwe kwenye msumari mmoja ukutani. Kama unalipwa na kulipa kwa simu, ujumbe wa simu nao ni ushahidi mzuri, ila unakili daftarini kabla haujafutika.

Tuseme mwezi wa 5 mlikusudia kuuza lita 9 kwa siku, mkauza 7. Tofauti ni lita 2, ambazo kwa mwezi ni Sh 2,700. Ulizaneni kwa nini. Je, unga ulipunguzwa? Maji je, ng'ombe hunywa ya kutosha, au hungoja mtoto arudi kutoka shule? Je, kuna uvimbe wa kiwele? Je, maziwa yanapimwa sawasawa kwa mnunuzi? Mwezi wa 5 kila moja ya hayo lina dawa. Mwezi wa 11 hayana.

Tofauti ikiwa ya heri, iulizeni vile vile. Kama mmeuza zaidi, jueni ni kwa sababu gani, mpate kuirudia. Na jambo likibadilika kabisa, kama bei au muda wa kupandisha, andikeni mpango upya kwa miezi iliyobaki. Haifai kuona haya kuufuta na kuuandika tena. Mwalimu hafukuzi mtoto kwa sababu ya ufutio.

Na kama unaona hutaweza kulipa mwezi fulani, nenda kwa aliyekukopesha kabla ya mwezi huo, ukiwa na daftari mkononi. Mtu anayekuja mapema na hesabu zake husikilizwa tofauti na mtu anayetafutwa.

KWA MWENYE BIASHARA YA ZAMANI, NA KWA VYAMA

Wengine watasema, "Mpango ni wa anayeanza. Mimi nimefuga miaka 20." Mzee, wewe ndiwe mwenye bahati, kwa sababu mpango wako utatokana na mambo uliyoyaona. Anza na mwaka uliopita: andika kilichoingia na kilichotoka kwa kila kazi peke yake, mahindi mbali, maziwa mbali, kuku mbali. Huenda ukagundua kwamba maziwa ndiyo yanayolipa hasara ya mahindi, au mahindi ndiyo yanayowalisha kuku. Ukichanganya yote katika mfuko mmoja hutajua kamwe ni kazi gani inayokutunza na ipi inayokula kwako.

Kwa vyama, hatari ni kubwa zaidi, maana fedha ni za wengi. Chama kikitaka kununua mtambo wa kupoza maziwa, swali la kwanza si bei ya mtambo. Ni hili: je, wanachama wataleta lita ngapi mwezi wa kiangazi, wakati maziwa ni haba? Mtambo hudai umeme na deni hata ukiwa nusu tupu. Mpango usomwe mbele ya mkutano wote kwa lugha ambayo kila mtu anaifahamu, na kila robo mwaka kamati iwasomee wanachama mistari ile mitatu.

Wala mpango wa shamba si jambo geni kwetu. Skimu nyingi tunazokaa zilizaliwa na mpango. Ule Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, kila aina ya skimu ilikadiriwa bajeti yake. Katika zile za mashamba madogo ilikusudiwa kwamba mwenye shamba, akishakula na kulipa mkopo, abaki na pauni 25, 40 au 70 kwa mwaka. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30. Lakini haikupita miaka mingi kabla ya madeni mengi kuchelewa kulipwa. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo naijua kwa kuwatazama watu wa leo: bajeti iliandikwa na mtu mwingine, ikakaa katika faili ya mtu mwingine, na mwenye deni hakuwa na nakala ya kuitazama mwisho wa mwezi.

Ndiyo sababu, Mzee, Mama, sitakuandikia mpango. Nitakaa nawe, nitakushikia rula upige mistari, nitakagua kuzidisha kwako kama nilivyofunzwa kukagua kazi ya watoto. Lakini mwandiko uwe wako au wa mtoto wako. Kama una mtoto darasa la tano, mpe kazi hii Jumamosi. Ataiweza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ng'ombe wetu alipotea hivyo. Daftari la kurasa 48 lingalimwokoa, na bei yake haikufika hata ya lita moja ya maziwa yake.